Nilisema Athman Yuko Live

Leo nimemwambia mama wa watu kwamba mwanawe yuko live.

Nafanya kazi kwenye duka la matangazo hapa Lamu: kadi, mabango, kurasa za mtandaoni. Asubuhi Bi Mwanaisha alivuka kutoka Siyu na picha ya mwanawe, Athman. Leo ni siku ya nne hajulikani alipo. Mara ya mwisho alionekana Mokowe.

Niliandika tangazo. Nilihakikisha namba ya simu mara tatu, maana naogopa makosa. Nikalipandisha kwenye ukurasa wetu, nikamwonyesha simu yangu.

"Tayari, Bi. Athman yuko live."

Dukani kwetu, hiyo maana yake tangazo limeshaonekana.

Akaninyang'anya simu.

"Athman! Mwanangu, u wapi? Sema nami, baba!"

Alikuwa anaiambia picha.

"Bi, hiyo ni picha tu."

"Si umesema live? Kama mpira wa tivii?"

"Nimekosea neno, Bi. Nisamehe."

Akaiweka simu sikioni.

"Labda mtandao wa huko aliko ni mbaya. Tungoje."

Mngemjibu nini?

Tafadhali sambazeni tangazo. Haya nayaandika kwa kompyuta ya duka. Simu yangu bado ameishika.