Kinyozi wa vichwa nusu achagua kuwa mwalimu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, ndani ya saluni ya mbao kando ya barabara ya vumbi, Mshangano, Manispaa ya Songea. Mtoto wa miaka minane anaingia akiwa na nywele upande mmoja tu wa kichwa. Mwandishi wa makala haya anatangaza mbele ya watu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Wadogo zake wote kawalea yeye, anasema. Pipi moja, katuni moja kwenye simu, mtoto katulia.

Mtoto anaitwa Zuhra. Pipi anaipokea na kuiweka sakafuni kwa adabu. Simu nayo anaipokea, anaitazama kidogo, kisha anaitumbukiza kwenye beseni la kuoshea taulo.

"Umeshamtuliza?" anauliza kinyozi, Walburga Haule, huku akiiopoa simu kwa vidole viwili. "Basi kaa pale kwenye benchi, kaka mwandishi. Usiguse kitu."

Walburga ana miaka 26. Hamwiti Zuhra kwenye kiti. Anakaa yeye sakafuni, mashine ya kunyolea iko mapajani, imezimwa. Anafumba midomo na kuanza kuvuma: mmmmm. Ni mlio uleule wa mashine, ila unatoka kwa mtu.

Zuhra anasogea. Anaweka kiganja kwenye koo la Walburga. Baada ya muda naye anavuma, na wakiwa katikati ya kuvuma Walburga anabonyeza swichi. Aliye kwenye benchi hawezi kujua sauti ya mtu imeishia wapi na ya mashine imeanzia wapi.

Zuhra ana usonji. Mama yake, Sharifa, aliyemleta leo, anauza korosho sokoni, na asili yake ni Tunduru. Anasema kabla ya kufika hapa, kumnyoa mwanawe ilikuwa vita.

"Walimshika watu wazima watatu. Wallahi alilia mpaka akatapika, na mimi nikalia nje," anasema. "Shule inataka nywele fupi, mtoto hataki kuguswa. Nifanyeje?"

Siku ya kwanza Walburga alimnyoa nusu. Mtoto alipochoka, akazima mashine na kusema nusu nyingine wiki ijayo.

"Mama Zuhra aliniangalia kama nimerukwa na akili," anakumbuka.

"Nilijua umerukwa!" anadakia Sharifa. "Nilimfunika mwanangu kichwa kwa kanga mpaka nyumbani."

Vijana wa bodaboda walicheka wiki nzima. Walisema umeme wa luku umekatika katikati ya kichwa. Siku hizi hawacheki. Mtoto wa kichwa nusu akipita Mshangano, watu wanajua katoka kwa Walburga na atarudi. Wako akina mama wanaokuja na watoto wao kutoka Lusewa, wilayani Namtumbo.

Aliyemfungulia njia nyingine ni Mwalimu Jeremia, anayefundisha kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi ya jirani. Aliona wanafunzi wake wanakuja wamenyolewa na hawana mikwaruzo. Akaja kuangalia.

"Alikaa hapohapo ulipokaa wewe," anasema Walburga, "ila yeye simu yake aliiacha mfukoni."

Mwalimu alimuuliza amesomea wapi. Walburga akamjibu kwamba hajasomea popote. Kidato cha sita alimaliza na kufaulu vizuri Kiswahili, Historia na Jiografia, kisha akakaa nyumbani, kisha akashika mashine.

"Akaniambia kuna shahada nzima ya kufundisha watoto hawa. Sikujua! Mimi kunyoa naweza, lakini Zuhra anataka kusoma na sijui pa kuanzia," anasema. "Kuvuma kunamtuliza huyu. Kuna mwingine nikivuma anajipiga kichwa ukutani. Kwa nini? Nataka mtu anifundishe kwa nini."

Aliomba vyuo viwili. Kimoja kwa ununuzi na ugavi, kozi ambayo ukoo mzima ulikuwa umeshamvalisha joho lake. Kingine, kilichoko Dodoma, kwa shahada ya ualimu wa elimu maalumu. Vyote viwili vikamchagua. Kwa utaratibu, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu, na mwisho ni leo jioni.

Namba anayo. Hajaitumia. Anayemkwamisha ni baba yake.

Mzee Pankrasi Haule ni mkulima wa mahindi huko Mpitimbi. Aliposikia binti yake ananyoa wanaume mjini, aliacha kumsemesha. Miaka miwili. Salamu zilipitia kwa mama. Mwezi uliopita Walburga akajipa moyo, akapiga simu mwenyewe na kusema, "Baba, nimechaguliwa elimu maalumu."

Mzee alikamata neno la mwisho tu. "Maalumu? Kama zile shule za vipaji maalumu?" Akapiga kelele za furaha, akamwita mwanangu, na simu ikakatika.

Simu ilikatika yenyewe, au Walburga aliikata?

"Mtandao, kaka. Haki ya Mungu," anasema Walburga. Anapuliza nywele kwenye mashine. "Lakini sikupiga tena. Alikuwa ameniita mwanangu."

Kwa hiyo Mpitimbi wanajua kwamba binti wa Pankrasi anakwenda kufundisha watoto wenye akili kuliko wote nchini. Mzee amelisema kanisani, amelisema kwenye mashine ya kusaga, amemwambia mpaka muuza mbolea.

Na sasa huyu hapa mlangoni. Suti ya kahawia, kofia, jogoo kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Anamgeukia mwandishi. "Kijana, wewe ndiye wa gazeti? Andika. Alikuwa ananyoa vichwa, sasa anakwenda kufundisha vichwa! Umeandika? Vipaji maalumu."

Sharifa anamtazama Walburga. Mwandishi anamtazama jogoo.

"Baba," anasema Walburga, "si vipaji."

"Si vipaji nini?"

"Ni mahitaji. Mahitaji maalumu. Watoto wasioona, wasiosikia, wenye usonji. Kama huyu."

Mzee anamtazama Zuhra, aliyeshika pindo la shuka la kunyolea na kulizungusha, kulizungusha. Anamhamishia jogoo kwapa la pili.

"Kwa hiyo Mpitimbi nzima nimeidanganya."

"Mimi ndiye niliyekuacha uidanganye."

"Na ile ya ugavi?"

"Ipo mpaka jioni." Sauti yake inashuka. "Sitaki kuichukua, baba. Ila sitaki pia uache tena kunisemesha."

Mzee anasogea karibu. Ananyoosha kidole kwenye kichwa cha Zuhra, ambapo kimebaki kipande cha nywele juu ya sikio. "Mbona humalizii?"

"Ameweka mkono. Maana yake nisubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka autoe."

Wanasubiri. Mzee naye anasubiri, amesimama, suti na jogoo wake. Nje bodaboda inapita, inarudi. Mkono wa Zuhra unashuka taratibu, mashine inapita juu ya sikio mara moja, na kazi imekwisha. Mtoto anajipapasa kichwa chote na kucheka.

"Mimi ningekuwa nimeshamchapa," anasema mzee polepole.

"Najua, baba."

Sharifa anaangua kicheko, halafu anaomba radhi, halafu anacheka tena.

"Shuleni kwao huyu walimu wa namna hii wako wangapi?" anauliza mzee.

"Wawili. Watoto thelathini na mmoja."

"Na hao wa vipaji?"

"Hao wanagombaniwa, baba. Hawakosi mtu."

Mzee anamkabidhi mwandishi jogoo, bila kumuuliza kama anajua kushika jogoo. "Haya, thibitisha. Mpitimbi niachie mimi. Nitawaambia mtandao ulikuwa mbaya."

"Nilikuwa nakusikia vizuri tu, baba."

"Ulikuwa mbaya!"

Walburga anaandika namba. Anakosea, anafuta, anaandika tena. Ujumbe unaingia: amethibitisha. Sharifa anapiga vigelegele na majirani wanachungulia kuuliza nani kaolewa.

Saluni ataiachia kwa rafiki yake Subira, ambaye ameanza kujifunza kuvuma. Yeye akimaliza shahada, anataka kurudi hukuhuku Ruvuma.

"Mama anatoka Lusewa mpaka hapa mtoto anyolewe tu," anasema. "Sasa kusoma atampeleka wapi? Nataka iwe karibu. Nataka nifungue kitengo kulekule, na mimi niwe mwalimu wake wa kwanza."

"Andika hilo," mzee anamwambia mwandishi. "Andika na jina la baba yake. Pankrasi, kwa P."

Kisha anavua kofia. Anakaa kwenye kiti, kiti kilekile alichoapa kwamba hatakikalia, na kukitazama kioo kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Usinipunguzie sana mbele."

"Mbele hakuna cha kupunguza, baba."

Walburga anamfunga shuka shingoni. Anaweka mkono juu ya kichwa cha baba yake, anauacha hapo, na mzee anafumba macho.

Kwa taarifa ya wasomaji, mwandishi wa makala haya alikuwa imara muda wote. Kama alionekana akijifuta uso kwa bawa la jogoo, ni kwa sababu nywele za mzee zilimrukia machoni kutoka kwenye mashine.

"Nywele gani, mdogo wangu?" anauliza Sharifa, kwa sauti ya kufika barabarani. "Mashine yenyewe hajaiwasha bado."