Senti ya Opal kwenye Siki

"Hutampa Opal hiyo," alisema Lavonne. "Labda unizike kwanza."

"Zote ni za mwaka wa themanini na mbili," Verlin akamjibu mkewe. "Kichwa kilekile, mwaka uleule. Nani atajua?"

"Wewe unajua, na mimi najua. Huo tayari ni umati."

Kati yao, juu ya meza ya jikoni, palikuwa na senti mbili. Moja iling'aa, ilitoka kwenye kopo la kahawa ambamo Verlin aliweka senti za mwaka huo tu, nyingi hata sakafu ya nyumba ikainama upande wa kopo. Ya pili ilikuwa kwenye kisosi. Ukingo wake umelika kama biskuti iliyopitiwa na panya, shavuni mwa rais pana shimo jeusi, na shimoni unga mweupe. Hiyo ndiyo ya Opal.

Opal Reinhart, mjane jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwao, aliolewa akiwa na senti ile ndani ya kiatu, kama mabibi harusi wa kwao wafanyavyo kutafuta heri. Baadaye mumewe akaibeba mfukoni mpaka siku aliyokufa. Jumamosi hii ilikuwa iingie kwenye kiatu cha mjukuu wao, Kaylin, anayeolewa. Ilikuwa na doa moja jeusi na vilengelenge viwili, basi Opal akampelekea Verlin, maana Ohio nzima hapakuwa na mjuzi wa magonjwa ya senti kama yeye. Ilisemekana anainusa senti iliyooza ikiwa bado mfukoni mwa mtu, ng'ambo ya barabara. Aliyeanza kusema hivyo ni yeye mwenyewe.

Na kila mwezi, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, aliwafundisha wenzake wakusanyaji: senti za siku hizi ni zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ngozi ikichubuka, unyevu unaingia, zinki inaoza toka ndani. Kilengelenge ni hewa iliyonaswa chini ya ngozi. Doa jeusi ni mlango. Usioshe, usisugue. Ila mwaka wa themanini na mbili zilipigwa za aina mbili, za shaba na za zinki, na wa kuamua ni mizani, maana ya shaba ni nzito zaidi.

Siku Opal alipoileta, mizani ilikuwa kabatini, hatua mbili tu. Verlin hakuitoa. Mbele ya Opal aliidondosha senti mezani, akatega sikio kama daktari, akasema, "Umesikia inavyolia, dada? Hiyo shaba. Doa nitakutolea."

Senti ya shaba hulia kama kengele. Ya zinki hugonga tu, kama kifungo cha koti. Na vifaa vya kumsaidia kusikia, vya kuvaa masikioni, vilikuwa kwenye droo, kwa sababu alisema ni vya wazee, naye ana miaka sabini na tisa tu. Akaitumbukiza kwenye siki na chumvi, akaisahau siku mbili; siki ikapitia kwenye doa, ikaila zinki.

Lililomchoma zaidi ni vile vilengelenge. Shaba ya kweli haina ngozi ya kufura. Aliviona, akavitaja kwa mdomo wake, kisha akaamini masikio yasiyosikia.

Sasa alivuta droo, akavaa vile vifaa pole pole, bila kumtazama mkewe. Akadondosha ile ya kopo. Ikalia, ikazunguka, ikalia tena. Akadondosha ya Opal. Ka.

"Hata siku ile iligonga hivyo," alisema Lavonne, sauti imeshuka. "Nilikuwa hapo kwenye jiko. Nikaona nikisema nitakuaibisha mbele ya mgeni."

Verlin akakaa. Alitamani sakafu iliyoinama imalize kazi, immeze na kiti chake. Miaka ishirini amewaambia watu wasioshe senti.

Nje mlango wa gari ukafungwa. Safari hii alisikia. Akaichukua ile inayong'aa, akairudisha kwenye kopo, akakaza kifuniko. Kisosi akakisukuma katikati ya meza.

"Nitaanzaje, mke wangu?"

"Anza na masikio. Halafu umwambie kwamba mizani—"

Mlango wa nyuma ukafunguka bila hodi. Opal aliingia akitoka mjini, boksi la viatu vyeupe vya Kaylin kwapani, akitabasamu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kisosi.