Utabiri wa Alhamisi Ile

Kiangazi kile nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja kule Thornhill, kando ya Toronto, mfamasia mstaafu kutoka Moshi. Alikuwa amepata kiharusi mwezi wa tano. Mkono wa kulia ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, lakini lugha zilirudi kwa namna ambayo hata daktari hakuitarajia. Kichaga cha nyumbani kwao kilikuja vipande vipande. Kiingereza, alichokitumia Toronto kwa zaidi ya miaka thelathini, hakikuja kabisa. Kilichorudi kizima, pamoja na mizaha yake, ni Kiswahili.

Mwanawe wa pekee ndiye aliyeomba kampuni yetu ya uuguzi wa nyumbani imtafutie mtu anayesema Kiswahili. Yeye aliletwa Kanada akiwa na miaka minne. Kiswahili alikisikia, hakukisema. Baba akimwuliza jambo, alijibu kwa Kiingereza kama walivyozoea tangu utoto wake, ila sasa baba alimtazama midomo tu, kisha akageukia runinga.

Mimi ni Mkenya wa Kitale. Siku ya kwanza nilimwambia, "Habari ya asubuhi, mzee?" Akanyamaza. Nikarudia. Akaangalia dirishani. Ilibidi nifikiri kidogo, halafu nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa umefika."

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kumfanyisha mazoezi ya mguu, na saa nne asubuhi kumtafsiria utabiri wa hali ya hewa. Kabla ya kuugua alikuwa akiufuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Hakuwa na shamba wala safari. Alipenda tu kujua.

Ilikuwa mwisho wa Agosti na joto lilikuwa halijapungua kwa siku tano. Nilikuwa nikipanda basi Jane and Finch alfajiri, na nikishuka Bathurst, sare imeshanigandia mgongoni. Alhamisi hiyo mtangazaji alipitisha mkono juu ya ramani, kutoka kaskazini hadi kwenye ziwa, akaongea kwa haraka.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Leo joto litafika nyuzi thelathini na tatu, lakini kwa huu unyevu mwili utahisi arobaini. Halafu..." Neno "cold front" lilinikwama. Nikalitafsiri lilivyo. "Kuna mbele ya baridi inakuja."

"Mbele ya baridi? Na nyuma yake iko wapi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamweleza vizuri: hewa ya baridi inatoka kaskazini magharibi, inaisukuma hii ya joto, na zinapokutana kutakuwa na radi, upepo mkali, pengine hata mvua ya mawe. Kesho asubuhi nyuzi kumi na nne.

"Basi sema hewa ya baridi inaingia. Inaingilia wapi?"

"Georgian Bay kwanza, kule kaskazini, saa nane mchana. Barrie saa tisa. Sisi huku jioni."

Kicheko kikakatika. "Mtoto yuko huko," akasema.

Kweli. Asubuhi ile mwanawe alikuwa ameondoka kwenda kumchukua binti yake kwenye kambi ya watoto, zaidi ya saa mbili kaskazini. Wangerudi kwa barabara kuu mchana uleule.

"Mpigie."

Nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, vilevile. Nikamtengenezea chai, akanywa nusu. Akaniuliza saa ngapi. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Nilimwambia huko msituni mara nyingi mtandao haushiki, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemridhisha mtoto.

Saa nane na nusu simu ikaita. Ni mwanawe. Nilinyoosha mkono niipokee, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, lakini mzee aliiziba kwa kiganja.

"Ni mwanangu mimi," akasema, akaiweka sikioni. "Uko wapi?"

Nilisikia Kiingereza kinamwagika upande wa pili. Mzee alifumba macho.

"Sielewi, baba. Nisikilize wewe. Mvua kubwa inakuja, na itafika kwako kwanza. Ina upepo. Usiendeshe. Kaa na mtoto mahali penye paa, mpaka ipite."

Kiingereza kikakoma. Halafu ikaja sauti ndogo, taratibu, kila neno peke yake.

"Baba. Mimi nasimama. Petroli. Sisi nakula hapa. Mvua nakwisha, sisi nakuja."

Mzee huyu alikuwa akinisahihisha ngeli zangu za Kikenya kila siku. Siku hiyo hakusahihisha kitu. "Haya," alisema. "Mle vizuri." Akanirudishia simu.

Saa kumi na moja upande wa magharibi ukawa mweusi. Majani ya mti wa uani yaligeuka yakaonyesha tumbo lake jeupe, kisha upepo ukafika wote kwa pamoja. Aliniomba nifungue mlango wa nyuma. Nikakataa kwanza, halafu nikamsogeza na kiti chake hadi kizingitini, chini ya paa. Kiti cha plastiki cha jirani kiliruka ua. Umeme ukakatika. Mvua ilipiga kwa dakika ishirini hivi, na ilipopungua, hewa iliyoingia ilikuwa ya nchi nyingine. Mzee, aliyekuwa ameniomba barafu mchana, sasa alitaka sweta.

Walifika saa moja na nusu, kungali na mwanga. Boneti ya gari ilikuwa na vishimo vya mvua ya mawe. Mjukuu alimkimbilia babu yake. Mwana wa mzee alinifuata jikoni na kunieleza kwa Kiingereza kwamba hakuwa amekusudia kusimama pale. Alikuwa ameshajaza mafuta, gari linanguruma, ndipo akaona simu tulizopiga. Mbele kidogo, mti ulianguka ukaziba njia mbili.

Akashika ukingo wa sinki. Kisha akaniuliza, mtu akitaka kusema aliogopa, husemaje kwa Kiswahili.

"Niliogopa," nikamwambia.

Akalirudia mara mbili, kwa sauti ya chini, akaenda sebuleni. Mimi nikachukua mkoba wangu. Kituo cha basi kilijaa watu wenye mashati ya mikono mifupi, tumejikunyata, tunachekana.

Nilikaa nyumba ile mpaka Februari, nilipopata kazi hospitalini. Kiingereza cha mzee kilianza kurudi karibu na Desemba, neno hapa, neno pale, na mwanawe akimjibu kwa lugha hiyo alimwelewa. Lakini mambo ya barabarani waliendelea kuyasema kwa Kiswahili: umefika wapi, kuna theluji, punguza mwendo.