Majora Niliyomficha Shemeji

Mume wa dada yangu alitumikia jeshi zaidi ya miaka ishirini, akastaafu akiwa sajini. Watu wengi wa Musoma wanamkumbuka kama fundi cherehani tu. Hawajui kwamba ufundi aliupata hukohuko kambini, kwenye stoo ya nguo, akipunguza suruali za makuruta. Alipostaafu, wote tulidhani atakwenda kwao Butiama kulima mihogo na kufuga. Yeye akanunua cherehani kuukuu, akaiweka kwenye baraza la duka moja pale mtaani Mukendo, akakaa nyuma yake shingo imenyooka kama yuko kwenye gwaride.

Futi kamba alikuwa nayo, lakini hakumpima mtu aliyelegea.

"Mguu sawa!" alikuwa akiamuru. "Kifua mbele! Tumbo ndani!"

Wavuvi, walimu, akina mama wa sokoni, wote walisimama hivyo mbele ya wapita njia. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kuishi na tumbo ndani. Mchuuzi mmoja wa samaki alirudi siku ya pili amebeba suruali yake mkononi.

"Afande, hii nikisimama iko vizuri. Nikikaa inanikaba."

"Sasa unakaa kwa nini saa za kazi?"

Yule mchuuzi alicheka mpaka akaishika nguzo ya baraza, kisha akaagiza nyingine.

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa bohari la shirika la biashara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na miaka ile ya uhaba mtu mwenye funguo za bohari alikuwa mtu kweli. Sabuni, sukari, vitambaa, vyote vilisubiri kalamu yangu. Watu waliomzidi baba yangu umri waliniita mzee, na mimi nikaanza kuitika.

Kisha shemeji akambatizisha mtoto wake Butiama. Nilichelewa makusudi, nikaingia uani nimevaa suti, nikitegemea kiti cha mbele. Akaniona tangu mbali.

"Karani! Mguu sawa!"

Na mimi nikasimama mguu sawa. Mpaka leo sijui kwa nini. Visigino viligongana, mikono ikabana mapajani, na sahani ya wali niliyokuwa nimepewa mlangoni ikaanguka miguuni. Kuku waliwahi kabla ya watu. Mama mzazi wa shemeji alicheka hadi akashikiliwa. Ulikuwa utani wa mashemeji, haukuwa na ubaya wowote, lakini mimi niliondoka nao kama tusi.

Haukupita mwezi, kwaya ya parokia ikamwagiza sare nyeupe za Krismasi, watu thelathini. Ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Dada aliniambia waziwazi: ikimponyoka hii, cherehani inauzwa, wanarudi shamba. Shemeji akaja bohari ameshika barua ya padri.

"Shemeji, mimi sijakujaga hapa kukuomba kitu. Leo naomba. Kitambaa cheupe, kwa bei halali."

"Hakuna," nikasema, barua hata sikuigusa.

"Hata cha rangi nyingine?"

"Hakuna kitambaa, afande. Jaribu Bunda."

Majora ya kitambaa cheupe yalikuwa nyuma ya ukuta niliouegemea. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, shemeji," akageuka, akatoka. Nilijiambia nimefuata utaratibu. Utaratibu gani, sikujiuliza.

Kweli alikwenda Bunda. Kitambaa hakupata, ila alirudi na robota la mifuko ya unga wa msaada, ile ya pamba, aliyoinunua kwa mwenye mgahawa. Yeye na dada waliifumua, wakailoweka kwa magadi na majani ya mpapai, maana sabuni nayo ilikuwa kwangu bohari. Wakaisugua na kuianika juu ya mawe ya ziwani, siku baada ya siku, hadi maandishi yakafutika. Au walidhani yamefutika.

Siku ya Krismasi kwaya iliingia kanisani nyeupe tupu, watu wamenyooka kama walivyopimwa, maana ukijikunja mshono ulikukumbusha. Walipogeuka kupeleka matoleo, tukaona mgongo wa yule mwimbaji mnene wa sauti ya nne. Katikati ya mabega yake kulikuwa na maneno ya Kizungu ya kuwaonya wapakiaji wa mizigo, ya buluu iliyofifia. Waliosoma wakawatafsiria wasiosoma, benchi kwa benchi.

"Imeandikwaje?"

"Eti msitumie ndoano."

"Weee! Mgongoni?"

Na kanisa lilikuwa limejaa wavuvi. Padri alisubiri minong'ono itulie, haikutulia. Mwishowe akasema, "Ndugu zangu, ni sahihi kabisa. Petro alitumia nyavu."

Sijawahi kusikia kanisa likicheka namna ile. Hata mimi nilicheka, kisha nikakumbuka mifuko ile imetoka wapi na kwa sababu gani, nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kuanzia hapo nikaiogopa nyumba yake. Dada aliniita kila Jumapili nikale sato. Nikasema naumwa, nina wageni, nina hesabu za bohari. Miaka ikapita hivyo. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko hata kitambaa.

Yeye kazi zilimmiminikia. Kwaya za Bunda na Butiama zilikuja zikitaka sare "kama ile ya ndoano". Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaruhusiwa, alibeba cherehani hadi mnada wa Bunda, akayapunguza makoti ya majitu ya Ulaya yawatoshe watu wetu. Baadaye akapanga fremu ya duka Nyakato, mashine nne. Mimi shirika lilikufa, nikapunguzwa kazi, nikakaa nyumbani Kitaji nikitazama ukuta. Asubuhi moja akasimama mlangoni.

"Karani, unajua kushona kifungo?"

"Sijui."

"Makuruta wote wanasemaga hivyo. Kesho saa moja."

Nilikuwa nimeshashona vifungo vyake mwaka mzima ndipo nikaweza kusema. Tulikuwa wawili tu, mchana, mvua imewazuia wateja. Nikamwambia yote: bohari, ukuta, majora sita.

Hakuinua macho kwenye mashine. "Manane," akasema.

"Nini?"

"Yalikuwa manane. Mlinzi wako wa getini nilimfundisha kwata mimi mwenyewe. Aliniambia siku ileile."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungeongopa mara ya pili."

"Yalikuwa sita, shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa na funguo."

"Manane. Njoo Jumapili tubishane, dada yako atapika."

Nikaenda. Nikaenda Jumapili iliyofuata pia, na nyingine zote zilizobaki, na kila mara kabla ya kunawa mikono tulianza: sita, manane, sita, manane. Dada alitufukuza jikoni kwa mwiko.

Alipofikisha miaka themanini na kitu, akalala kitandani kule Butiama bila nguvu za kuinuka, nilikaa karibu naye nikaona nimwachie ushindi.

"Shemeji," nikasema, "yalikuwa manane."

Akatabasamu. "Yalikuwa sita. Mlinzi alisema sita. Mawili niliongeza mimi, uwe unakuja."