Risiti Moja, Vichwa Viwili

Barabara ya kutoka Bariadi kwenda Nkoma ilitengenezwa kwa vichwa vyetu. Kila mwanaume mwenye nguvu alidaiwa kodi ya kichwa, na halmashauri ilituambia kwamba hiyo, pamoja na ushuru wa pamba, ndiyo inayofukia mashimo. Asiyelipa alikamatwa na mgambo, akapelekwa huko huko barabarani kugonga kokoto. Ukilipa unaijenga, usipolipa unaijenga.

Wakati huo ushirika ulikuwa umelala na wanunuzi binafsi wameingia. Aliyechukua pamba yetu alituachia karatasi na ahadi ya kurudi Jumatatu. Hakutaja Jumatatu ipi. Baba akauza mbuzi, akalipa kodi ya kichwa kimoja, chake. Changu kikabaki juu ya mabega yangu bila risiti.

Hatukuwa peke yetu. Mtaani kwetu risiti iliazimwa kama jembe, maana mgambo hawakusoma jina, waliangalia tu kama karatasi ina rangi ya mwaka ule. Anayetoka anaibeba, anayebaki anasubiri ndani. Mpango huu ulinifaa sana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazina haja ya kutajwa, na kukaa nyumbani ndilo somo pekee nililofaulu.

Jumamosi moja baba alinipa risiti nipeleke mahindi mashineni. Nilirudi na unga, risiti ikabaki kwenye mfuko wa suruali. Kesho yake, siku ya gulio, aliamka alfajiri akitaka kwenda kutafuta dawa ya kifua, kwa sababu kifua kilikuwa kinambana tangu masika. Mama akasema aniamshe nimpe risiti. Baba akasema, "Mwache alale. Naenda na kurudi."

Niliamshwa na jirani yetu, mama mmoja asiyepita bila kunichokoza.

"Bibi harusi! Bado uko ndani? Baba yako kabebwa na mgambo gulioni."

"Mayu, mama yangu, acha utani."

"Utani na baba wa mtu? Toka nje, wanawali wenzako wameshateka maji."

Mama hakucheka. Aliichomoa risiti mfukoni mwangu, akanishikisha. "Kimbia, ng'wanawane, kimbia mwanangu. Wakiiona watamwachia."

Nilikimbia mpaka mlangoni. Hapo nikakumbuka kwamba nikimpa baba risiti, mimi nitakuwa nimesimama mbele ya mgambo bila kitu. Nikatafuta shati. Nikatafuta kiatu cha pili, ambacho nilikuwa nimekivaa. Nikasema ninywe chai kwanza, nisije nikaanguka njiani. Nilipofika gulioni jua lilikuwa utosini na lori lilikuwa limeshaondoka na watu.

Niliwakuta siku ya pili, mbali na mji, wamepangwa pembeni mwa barabara, kila mmoja na nyundo na rundo lake la mawe. Baba alikuwa amekaa chini, amefunga leso puani kwa ajili ya vumbi. Anapiga nyundo mara tatu, anakohoa, anapiga tena.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

Kabla hajajibu, msimamizi akaja. "Wewe kijana, risiti!"

Nikaitoa. Akaangalia rangi, akaridhika. "Hapa umefuata nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilitembea nalo njia nzima: risiti hii ni ya huyu mzee, jina lake hilo hapo, mwachie, nikamate mimi. Mdomo ukafunguka, lakini baba akawahi.

"Ni mwanangu. Ameniletea chakula. Yeye kalipa, mimi ndiye sikulipa."

Msimamizi akacheka. "Umeona, mzee? Mtoto anakushinda akili."

Baba naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkata. Nikaweka chini viazi alivyofunga mama. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Nenda nyumbani, jua kali." Nikaenda nyumbani. Hiyo ndiyo amri ambayo sijawahi kuikaidi maishani mwangu.

Aligonga kokoto siku saba. Alirudi na mikono imepasuka, na kifua ambacho sasa kilisikika hadi kwa jirani. Hospitali walitupa vidonge, wakatuambia apumzike mbali na vumbi. Barabara ikamalizika kwa upande wetu, magari yakaongeza mwendo, vumbi likawa linaingia ndani hata mlango ukiwa umefungwa. Hakufika msimu wa kupalilia.

Msibani alikuja ofisa wa kata kutoa pole. Alisimama mbele ya watu, akasema marehemu alichelewa kutimiza wajibu wake, lakini tumshukuru Mungu kwamba ameacha kijana anayelipa kodi bila kusukumwa. Watu wakageuka kunitazama. Wengine wakatikisa kichwa kwa kunikubali. Mama alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili kutoka nilipo, naye alijua jina lililoandikwa kwenye ile risiti.

Nikamwambia ofisa asante.