Nilivyomsema Kipa Saidi

Mpaka leo nikikumbuka, uso unaniwaka. Msimu ule ofisini kwetu mjini Sur hatukuwa na mazungumzo ila kipa wetu, Saidi: auzwe klabu ya Nizwa au abaki? Asubuhi moja nilichelewa, nikawakuta wenzangu wamemzunguka mwenzetu Nassor.

"Saidi katuacha," Khalfan akaninong'oneza.

Nikacheka. "Alhamdulillahi! Mikono imemlegea, kazi kutuaibisha tu. Angeondoka zamani! Sasa tumchukue yule kipa kijana wa klabu ya Ashkhara."

Khalfan akanivuta kanzu. Mimi nikazidi: "Nassor, nawe unamlilia mzee yule?"

Nassor akainua uso, macho yamemwiva.

"Namlilia, ndugu yangu," akasema taratibu. "Saidi aliyetuacha si kipa, ni babangu. Nimekuja kuomba ruhusa, tunamzika adhuhuri."