Gerat Nowka Alivyowahi Kuhama

Wilaya yetu imeungwa kwa mabaki ya wilaya tatu, na makao makuu yamepelekwa mbali mno. Ukifuata kibali, siku nzima inaishia njiani. Juu ni mchanga na misonobari, chini ni makaa ya mawe. Kwa ajili ya makaa hayo vijiji vimebomolewa kimoja baada ya kingine, na waliochimba ni watu wetu wenyewe. Kazi nyingine haikuwapo.

Gerat Nowka, jirani yangu, aliendesha mashine ya kuchimbia tangu ujana hadi kustaafu. Kampuni ilipotangaza kwamba sasa ni zamu ya Lischkow, kijiji chetu, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutaka kuuza.

"Wanaosubiri nimewaona," alimwambia mkewe, Wilma, mezani kwangu, tukila viazi na maziwa mgando yaliyotiwa mafuta ya kitani. "Wanaambulia viwanja vya kando ya barabara kuu. Sisi tuwahi."

"Mama alinizaa katika nyumba ile, Gerat. Ngoja nife kwanza, halafu uwahi unavyotaka."

"Ile mashine haimngoji mtu. Nimeiendesha mimi, naijua."

"Na wewe Hanka, unasemaje?" Wilma akaniuliza.

Nikasema nitafikiri. Nilikuja kukataa kutia saini, wala si kwa ushujaa. Nilichoka nikiwaza tu kufunga mizigo. Wilma alitia saini huku analia. Wiki ileile waliyokabidhi funguo, kampuni ikaibomoa nyumba, maana ndivyo inavyofanya siku zote, mtu asije akabadili mawazo. Nilisimama dirishani nikaona jiko la mama yake Wilma likianguka.

Haikupita miaka miwili, serikali ikaamua makaa basi. Shimo likakomea nyuma ya shamba la shayiri. Lischkow ikabaki, na ubavuni mwangu pengo.

Gerat alikwenda makao makuu kuomba kiwanja chake ajenge upya. Alirudi amenywea. Walimwambia kijiji kilishaondolewa kwenye mipango ya ujenzi: nyumba zilizopo zitaachwa, mpya hairuhusiwi. Alikata rufaa, wakamjibu yale yale.

Huku kwetu Jumamosi kila mtu hufagia mbele ya nyumba yake. Wilma huja kwa basi kutoka makazi mapya walikohamia, na fagio lake, akafagia mbele ya pengo mpaka mawe ya njia yang'ae. Gerat humfuata, akasimama tu. Namhurumia, lakini hasira yangu kwake haijaisha. Jumamosi iliyopita alinyoosha mkono.

"Lete nikusaidie. Mgongo wako huo."

Wilma hakuinua macho. "Hapa ni kwa mama yangu. Wewe nenda kafagie kwako."

Gerat akanitazama, nami nikageukia ua wangu. Akaenda kituoni akakaa peke yake, na basi la kurudi lilikuwa bado sana.